Katika Kupanda Kisicholiwa na Mpandaji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aiteremshaye mvua juu ya nchi kavu ikarudi kuwa hai; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: liko swali ambalo mara nyingi huulizwa kwa kicheko, na kwa nadra huulizwa kwa kutaka elimu. Swali lenyewe ni hili: Mtu akipanda kitu asichokila yeye, wala mkewe, wala mbuzi wake, na sokoni hakinunuliwi, je, amefanya jambo lenye maana, au ameharibu ardhi na maji? Katika nchi ya mito na chemchemi swali kama hili lingekuwa la kupitisha jioni barazani. Lakini katika uwanda wa juu wa Makonde, huko Newala, na chini yake Masasi kwenye majabali makubwa, swali hili si mchezo. Huko ndoo ya maji ina historia, na kila shina la mkorosho lina mwenyewe na hesabu yake.

Khabari iliyolizusha ni ndogo. Mwenye shamba akitwaa mbegu za kivumbasi, akazisia kandokando ya mikorosho yake ili nyuki wapate maua, hucheka jirani zake. Mmoja husema kivumbasi ni gugu, na gugu halipandwi, hupaliliwa. Wa pili huuliza maji ya kukinyweshea yatatoka wapi. Wa tatu, naye ndiye mwenye akili kuliko wenzake, husema: nyuki hana mpaka, utamlisha wewe, na kazi atakwenda kuifanya katika shamba langu. Maneno haya yote matatu yana ukweli ndani yake, na mtu muadilifu hayatupi kabla ya kuyapima.

Kwanza na ijulikane kivumbasi ni kitu gani. Watu wa pwani wanaujua vema mrehani, ambao hutiwa katika vikuba pamoja na asumini na kupandwa uani kwa ajili ya harufu yake. Mrehani huo asili yake ni nchi za Asia, nao ni mgeni aliyekaribishwa zamani hata akasahauliwa ugeni wake. Kivumbasi ni ndugu yake, lakini ni mwenyeji wa nchi. Huota chenyewe kando ya njia, na katika mashamba yaliyolazwa, na penye kingo za vichaka. Jina hili watu hulitumia kwa mimea zaidi ya mmoja. Unaokusudiwa hapa ni ule mkubwa wenye shina gumu kama kijiti kwa chini, unaoishi miaka kadhaa, ambao wataalamu wa mimea huuita Ocimum gratissimum. Si ule mdogo unaokufa kiangazi kikija. Kimo chake hufika kifuani mwa mtu na pengine kumpita. Maua yake ni madogo, meupe yasiyong'aa, yamepangwa juu ya vishikio virefu ngazi kwa ngazi, na mpita njia asiyeinama hayaoni. Majani yake ndiyo yanayojulikana: huchomwa kufukuza mbu, na huchemshwa mgonjwa wa mafua akajifukiza.

Basi yule anayesema kwamba ni gugu, amesema kweli kwa jembe lake, maana katika tuta la mihogo kivumbasi hakina haki ya kukaa. Lakini neno gugu si jina la mmea. Ni jina la mahali mmea ulipokaa pasipo ruhusa. Mpunga ukiota mlangoni mwa msikiti nao ni gugu. Hoja ya kwanza haina zaidi ya hayo.

Hoja ya maji ni nzito zaidi, na yafaa kukaa nayo.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga ulioinuka. Mvua hunyesha msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, na maji yake huzama chini kabisa. Juu hapabaki kijito wala ziwa. Zamani uwanda huo ulifunikwa na vichaka vizito visivyopenyeka, na watu walilima katikati yake, wakashuka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kwa kichwa njia ya mteremko mkali. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, aliyetumwa kutazama desturi za watu, alikaa Newala, na shida hiyo ya maji aliiona kwa macho yake. Baadaye zililetwa mashine na mabomba ya kupandisha maji kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari, na mzigo ukapungua. Lakini bomba huharibika, na mwaka wa ukame haumwulizi mtu kama ana bomba.

Na mzigo huo ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa wanawake. Hili halisemwi sana barazani, kwa kuwa wanaokaa barazani sio walioshuka bondeni. Mwanamume anayetwaa ndoo iliyoletwa na mkewe alfajiri, akaimwagia maua ili apate thawabu kwa nyuki, na atazame vizuri ni nani aliyetoa sadaka hiyo. Mtu hawezi kuwa karimu kwa maji yaliyo juu ya kichwa cha mwingine. Ikiwa mke ameridhia, hilo ni jambo lao. Na ikiwa hakuulizwa, basi maua yale yamenyweshwa kwa dhuluma, ingawa nyuki hawajui.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani walio wengi, wameupanga mlango wa maji kwa daraja. Mwenye maji machache, akihofia kiu yake, au kiu ya mwenziwe, au hata ya mnyama aliye na heshima katika sheria, huyaweka maji yale kwa kiu na kutayamamu kwa mchanga. Yaani kiu ya punda hutangulia udhu wa bwana wake. Ikiwa ibada yenyewe inampisha mwenye roho, ua litapishwa vipi? Halipishwi. Katika mwezi wa shida, maji ya kunywa si ya kivumbasi, na anayedai kinyume cha hivyo kwa jina la wema hakuelewa wema.

Lakini yako maji mengine ambayo hayasemwi. Ni yale ya udhu. Maji yaliyokwisha kuoshwa viungo kwa faradhi ni tohara, ingawa hayatoharishi tena; hayarudi katika birika, na kwa kawaida humwagika chini ya jiwe la kutawadhia yakafanya tope. Mbegu ya kivumbasi haihitaji zaidi ya hayo. Tuta la upana wa dhiraa mbili chini ya mahali pa kutawadha linatosha kukuza miche ya shamba zima, na hapana ndoo hata moja iliyoongezwa kichwani mwa mtu. Hapa hoja ya pili haikushindwa kwa maneno. Imeonyeshwa njia ya kuzunguka.

Na zaidi ya hayo, mmea wa kudumu si kama mchicha. Ukishapandwa penye mvua, ukapata msimu mmoja wa kushusha mizizi, hauombi tena. Kiangazi kikali huupukutisha majani hata ukaonekana umekufa, nao kumbe umejificha. Mvua za kwanza zikinyesha huchipuka kutoka katika shina la zamani. Mwenye kupanda mboga hutawadha na kumwagilia kila siku. Mwenye kupanda kivumbasi hutaabika mwaka mmoja, kisha humwachia Mwenye kuotesha.

Kabla ya kumfikia jirani wa tatu, ni lazima kueleza kwa nini mtu mwenye mikorosho amjali nyuki hata kidogo. Wengi huamini kwamba mkorosho ukichanua vizuri umekwisha zaa. Sivyo. Katika kichala kimoja cha mkorosho, ambao watu wa pwani wengine huuita mkanju, mna maua ya namna mbili: yako ya kiume matupu, nayo ndiyo mengi, na yako yenye dume na jike pamoja, nayo ndiyo machache. Korosho haitoki illa katika haya machache, tena baada ya kuguswa na unga wa ua, ambao siku hizi huitwa chavua. Unga huo wa mkorosho hunata. Haupeperuki kama unga wa muhindi. Katika Sura ya Al-Hijr pepo zimetajwa kuwa ni zenye kupandishia, na wafasiri wengine walisema ni kupandishia mawingu, na wengine wakatia na miti. Lakini miti haikupewa yote mchukuzi mmoja. Muhindi umepewa upepo. Mkorosho umepewa mdudu: nyuki, na nzi, na wengineo wasiohesabika. Na maboga vilevile, na ufuta wa Masasi hunufaika, na mbaazi hutembelewa na yule nyuki mweusi mkubwa atobowaye boriti za nyumba, ambaye watu humwua kwa kumdhania kuwa ni mharibifu tu.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwapita watu wa Madina wakiipandishia mitende yao, wakitia ua la dume katika jike, akasema hadhani kuwa jambo hilo linafaa kitu. Wakaliacha kwa heshima yake. Mwaka huo tende zikatoka mbovu. Alipopata khabari aliwaambia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Hadithi hii wasomaji hutajiana kwa ajili ya mambo mengi, na kwa nadra hutajiwa kwa ajili ya jambo lililomo ndani yake, nalo ni hilo la kupandishia. Mtende ni mti wa vichala vichache vikubwa, na mtu mwenye kamba na mundu hupanda akafanya kwa mkono kazi ambayo upepo ungeifanya kwa mashaka. Lakini nani atapanda mkorosho akaguse maua elfu na elfu yaliyo madogo, moja moja, asubuhi yanapofunguka? Mtu hawezi. Kwa hiyo watu wa Madina walikuwa na khiyari ambayo watu wa Newala hawana. Mwenye mikorosho amekwisha mwajiri nyuki, atake asitake. Limebaki swali la ujira tu.

Na ujira ndio kiini cha jambo hili. Mkorosho huchanua wakati wa baridi na kiangazi, tangu Juni hivi hata Septemba. Katika miezi hiyo nyuki hushiba. Lakini kundi la nyuki hula miezi kumi na miwili. Vichaka vya zamani vilipokuwapo, vilichanua kwa zamu, kimoja baada ya kingine, na nyuki alihama kwa zamu hizo. Vilipofyekwa kwa ajili ya mikorosho na mihogo, mwaka wa nyuki ukawa na shibe ya miezi michache na njaa ya iliyobaki. Kumtaka mtumishi aje siku za mavuno akiwa na nguvu, baada ya kumnyima chakula mwaka mzima, ni tabia ambayo kwa mwanadamu ingelaumiwa na kila mtu. Kivumbasi huanza kuchanua mvua zikielekea kwisha, na penye unyevu kidogo huendelea kwa miezi mingi. Huziba sehemu ya pengo hilo. Sehemu tu, na wala asidhani mtu kwamba mashina kumi ya kivumbasi yatamjazia magunia. Anayeahidi hivyo ni mchuuzi.

Sasa jirani wa tatu. Amesema kwamba nyuki hana mpaka, na faida itamwendea asiyepanda.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik maana hii: kwamba Muislamu hapandi mti wala hasii mbegu, kisha akala humo ndege, au mtu, au mnyama, illa huandikiwa kuwa ni sadaka. Anayeitafakari huona kwamba mpandaji hakuambiwa achague mlaji. Ndege hakuombwa alipe. Mtu aliyekula hakuambiwa awe jamaa. Kwa hiyo kutoka kwa faida nje ya mpaka, ambako jirani anakuona kuwa ni khasara ya mpandaji, ndiko kulikofanya jambo lile liitwe sadaka. Faida ambayo haitoki nje ya ua ni chakula cha nyumba, nacho kina thawabu zake nyingine.

Huenda mtu akasema: lakini huyu hakupanda kwa ajili ya nyuki, amepanda kwa ajili ya korosho zake, na nia ndiyo hukumu ya tendo. Jawabu ni kwamba yule mpandaji wa hadithi naye alipanda kwa ajili ya tumbo lake. Hapana mtu apandaye mtende kwa ajili ya kunguru. Kutaka faida ya halali hakufuti sadaka. Kinachoifuta ni kuchukia mwingine akifaidika. Akisimama mpakani akamwona nyuki amevuka kwenda kwa jirani, moyo wake ukakunjana, hapo na ajiulize alipanda nini.

Na huenda mwingine akasema kwamba nyuki hali mmea, hunyonya tu. Huko ni kubishana kwa neno. Katika Sura ya An-Nahl, ambayo imepewa jina la nyuki mwenyewe, ameamrishwa kufanya nyumba katika milima na miti na wanayojenga watu, kisha ale katika matunda yote. Kilichoitwa kula huko hakitaitwa kitu kingine hapa.

Hayo ni upande wa mpandaji. Lakini jirani aliyecheka naye ana deni, wala haliulizwi mara nyingi. Nyuki aliyelishwa upande mmoja wa mpaka akifika upande wa pili, hukuta nini?

Hapa inabidi kusema khabari ya dawa, na kusema kwa uadilifu. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na katika nchi ya kusini ulikuja kuwa mali ya wengi. Msimu wa 1973/74 Tanganyika na Zanzibar, zilizokwisha kuwa Tanzania, zilitoa zaidi ya tani 140,000 za korosho; na katikati ya miaka ya 1980 zilishuka hata chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishwa wakaacha mashamba mbali, na bei ilikuwa duni, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likazuka gonjwa la ubwiri unga, ambalo hufunika maua machanga kama majivu meupe hata yakakauka. Unga wa salfa, ambao wazee wa pwani waliujua kwa jina la kiberiti, ndio uliookoa mikorosho, na kituo cha utafiti cha Naliendele karibu na Mtwara kilifanya kazi kubwa katika jambo hilo. Anayewaambia watu wa Masasi na Newala waache salfa, awape kwanza cha kula.

Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, ili unga ushike. Wakati huo nyuki hawajatoka. Kwa bahati njema, basi, saa iliyo bora kwa mkorosho ndiyo iliyo salama kwa nyuki. Shida iko katika dawa za maji za kuulia wadudu, zinazopigwa kwa ajili ya mbu wa mikorosho, mdudu afyonzaye machipukizi yakanyauka. Dawa hizo hazimwulizi mdudu jina lake. Zikipigwa saa nne za asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wamo, huwaua aliyekusudiwa na asiyekusudiwa pamoja. Na Mtume, kama walivyopokea Abu Daudi na Ibn Majah, alikataza kuuawa wanyama wanne, na nyuki ni mmoja wao.

Kanuni ya sheria ni kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Lakini si kila mpulizaji ana hukumu moja. Yule anayejua, na anaweza kungoja, akapiga dawa ya sumu juu ya maua yaliyojaa nyuki kwa sababu ya uvivu wa kuamka, huyo amewadhuru jirani zake wote kwa mara moja, nao hawatajua hata waliibiwa nini. Wataona tu vichala vimechanua na havikushika. Yule asiyejua, dhambi iko kwa waliojua wakanyamaza. Na yuko wa tatu, maskini, ambaye hana mashine. Huikodi, na mwenye mashine humfikia mwisho, jua limekwisha panda. Huyu akikataa kupuliza amekosa mavuno ya mwaka. Kumwita mkosaji ni rahisi kwa mwenye mashine yake. Iliyo karibu na haki ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu ya mwenye kukodisha, ambaye angeweza kuwapanga watu kwa zamu za alfajiri, leo huyu na kesho yule, akachagua kuwamaliza wote siku moja kwa ajili ya fedha. Mwenye kukodi naye anaweza kutafuta wale siafu wekundu wa mitini waitwao maji moto, ambao huwinda mbu wa mikorosho bila malipo, na asiwachome moto kwa sababu wamemwuma siku ya kupogoa.

Ama walinaji wa asali watiao moto katika mzinga wa mwituni, wakachoma mti na nyuki na makinda yao kwa ajili ya kibuyu kimoja, hao khabari yao ni fupi: wamekula mtaji. Nyuki wa mwituni ni mubaha, hana mwenyewe mpaka atiwe mzingani. Lakini kuwa kitu hakina mwenyewe si ruhusa ya kukiteketeza. Na kwa madhehebu ya Shafii asali haina zaka, kinyume cha walivyosema Abu Hanifa na Ahmad. Basi mrinaji hakudaiwa kitu katika asali yake, na ingempasa angalau aache mzinga mzima.

Imebaki namna ya kupanda, kwa kuwa mtu akishakubali kwa moyo, mkono nao hutaka kufundishwa.

Mbegu hukusanywa kiangazi, vishikio vya maua vikiwa vimekauka na kugeuka rangi ya udongo tangu chini hata karibu na juu. Vikingali kijani, mbegu hazijakomaa. Vikikaa mno, zimekwisha mwagika. Hukatwa asubuhi, hugeuzwa kichwa chini juu ya kitambaa au ungo, zikakung'utwa na kupepetwa. Ni mbegu ndogo sana, na kiganja kimoja kina maelfu. Kama kivumbasi kiko katika shamba lililolazwa, na aombwe mwenye shamba, kwani kulaza shamba si kuliacha. Na kilicho kando ya njia ni cha wote, ila asikate vishikio vyote, kwa kuwa na nyuki na ardhi wana fungu humo. Mbegu huanikwa kivulini siku chache, huwekwa katika kibuyu kikavu au karatasi, mbali na moshi wa jiko. Mtu asiende kutafuta mbegu mbali ikiwa ziko karibu: mmea wa Newala umezoea mchanga wa Newala, na mbegu ya bonde lenye maji hupata mshangao ikifikishwa juu.

Mvua ya kwanza ikishakuwa ya kweli, si ile ya kudanganya, tuta hulainishwa na kusawazishwa. Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu ili zitawanyike, husiwa juu, na kushindiliwa kwa kiganja tu. Zisifukiwe. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa mkono umezoea mahindi na kunde. Mbegu ndogo haina akiba ndani yake. Ikizikwa kina cha kidole hufa njiani kabla ya kuona mwanga. Maji hunyunyizwa kwa tawi la majani, si kwa kumwaga, na tuta hufunikwa kwa nyasi chache zinazopitisha mwanga. Kwa kawaida huanza kuota baada ya wiki moja au mbili. Miche ikiwa na majani sita hivi hutolewa jioni ya siku ya mawingu, ikapandwa mstarini pembezoni mwa shamba, hatua moja baina ya mche na mche, ili iwe ua mmoja mrefu. Nyuki hupendelea pahali ambapo ua lile lile limekaa pamoja kwa wingi, kuliko shina moja huku na jingine kule.

Mwaka wa kwanza kivumbasi ni kitu kidogo, na wanaocheka hupata sababu. Wiki za mwanzo hupaliliwa kama mboga, maana magugu mengine humshinda. Mwaka wa pili hupogolewa mwanzoni mwa mvua, kwa urefu wa shubiri mbili kutoka ardhini, kikarudi na matawi mengi zaidi, na maua kwa kadiri ya matawi. Majani yaliyokatwa hayatupwi. Yatawafaa walio na mafua.

Si mbali na Masasi, huko Nachingwea, baada ya mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilifyeka pori kwa matrekta ili kulima karanga, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kupotea zaidi ya pauni milioni 30 katika Nachingwea na Kongwa na Urambo, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Watu wa kusini wanaijua khabari hiyo kuliko wageni. Kivumbasi hakina reli, wala hakihitaji mtu apotewe na kitu zaidi ya kiganja cha mbegu na asubuhi chache.

Mwaka wa tatu mbegu huanguka zenyewe, zikachukuliwa na maji ya mvua na nyayo za watu, na machipukizi huonekana mahali ambapo hayakupandwa: njiani, penye kichuguu, na katika ukingo wa shamba la yule jirani. Huko yatasimama mpaka siku ya palizi, na jembe siku hiyo litakuwa mkononi mwake.